Kutoroka kwenda kuoana: mlango wa walii usivunjwe, wala usifungwe

 

Ndugu msomaji, Alhamisi moja baada ya sala ya Isha tulikuwa tumebaki msikitini tukipanga misahafu, wakatujia vijana wawili, mvulana na msichana. Walisimama barazani, wamevua viatu lakini hawakuthubutu kuingia. Baada ya salamu kijana akasema: "Sheikh wetu, tumekuja mtuozeshe. Usiku huu huu."

Tukamgeukia binti: "Baba yako anajua, mwanangu?"

"Hajui, sheikh. Na akijua hatakubali."

Kijana akatoa simu akatuonyesha picha. Ilikuwa ya nyumba ya wageni ya zamani huko ughaibuni, ya mawe, iliyozungukwa na mashamba na maua ya waridi yakitambaa ukutani. Akatueleza kuwa wapenzi huenda pale wawili peke yao, bila baba wala mama, wakamkuta mfungishaji ndoa yupo na mashahidi wawili wapo, na jioni wakatoka hali ya kuwa ni mume na mke. "Wenzetu hufanya hivi na hakuna anayewauliza," akasema. "Kwa nini kwetu iwe balaa?"

Swali lile hatukulijibu usiku ule kwa namna iliyoturidhisha sisi wenyewe. Kwa kuwa twaamini halikuwa la vijana wale wawili tu, tumeona ni vyema wiki hii tulirudie mbele ya wasomaji wetu, tukianzia huko huko picha ilikotoka.

Mpaka mmoja, sheria mbili

Ada hii ya kutorokea nyumba za wageni ina historia, na historia hiyo ilizaliwa na sheria. Huko Uingereza, kabla ya mwaka 1754, ndoa za siri zilikuwa zimeenea mno. Jijini London, kandokando ya gereza la Fleet, walikuwepo makasisi waliokuwa wakiozesha watu katika vilabu vya pombe bila tangazo wala swali, kwa ujira. Warithi wa mali waliozeshwa wakiwa walevi, na wanaume wakaweza kuwa na mke hapa na mke kule bila wake hao kujuana.

Ndipo Bunge likapitisha sheria mwaka 1753, maarufu kwa jina la Lord Hardwicke, nayo ikaanza kutumika mwezi Machi 1754. Ndoa sasa ilipaswa kufungwa kanisani, baada ya kutangazwa Jumapili tatu au kwa kibali maalumu. Aliye chini ya miaka 21 hakupata kibali hicho bila idhini ya mzazi, na akitangazwa kanisani mzazi aliweza kusimama na kupinga. Mayahudi na jamaa wa dhehebu la Quaker walisamehewa masharti hayo.

Lakini sheria hiyo haikuvuka mpaka wa Scotland. Huko ilitosha mwanamume na mwanamke watamke mbele ya mashahidi kwamba wameoana. Na umri ulioruhusiwa ulikuwa miaka 14 kwa mvulana na 12 kwa msichana, hali iliyodumu hadi mwaka 1929. Basi vijana wa Uingereza waliokatazwa na wazazi wao wakapanda magari ya farasi kuelekea kaskazini. Kijiji cha Gretna Green, kilichopo mara tu baada ya mpaka upande wa magharibi, kikapata umaarufu kuliko vyote. Duka la mhunzi lilikuwa njiani, na fuawe lake likawa alama ya ndoa hizo. Waliojiita makasisi wa fuawe hawakuwa makasisi, na wengi wao hawakuwa hata wahunzi. Ujira wao ulitegemea mavazi ya bwana harusi na haraka aliyokuwa nayo.

Wenye fedha hawakuozeshwa penye masizi. Wao walipelekwa Gretna Hall, jumba lililojengwa mwaka 1710 na baadaye likageuzwa kuwa nyumba ya wageni. Hapo, kuanzia mwaka 1825, mwenye nyumba mwenyewe, John Linton, ndiye aliyekuwa akiozesha. Mtu mmoja aliuza chakula, akakodisha chumba, akalisha farasi na akafungisha ndoa. Msomaji na ajiulize: mtu wa namna hiyo, mgeni akija na fedha mkononi, atakuwa na sababu gani ya kumwambia arudi nyumbani kwanza?

Ngazi ya Newcastle

Tusiwe wenye kudhulumu katika hukumu. Zipo ndoa zilizoanza kwa kutoroka zikaisha kwa kheri, na iliyo mashuhuri zaidi ni ya mtu wa sheria.

Usiku wa tarehe 18 Novemba 1772, katika mji wa Newcastle, binti mmoja wa miaka 18 aitwaye Bessie Surtees, mtoto wa tajiri mwenye benki, alitoka dirishani kwa ngazi. Chini alikuwa akimngoja John Scott, kijana wa miaka 21, mtoto wa mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Wazazi wa binti walimtakia mume mwenye mali zaidi. Wawili hao wakasafiri usiku kucha, na kesho yake wakaoana katika nyumba ya wasafiri ya Blackshiels, kusini mwa Edinburgh. Kijana alikuwa na nafasi ya heshima katika chuo cha Oxford ambayo sharti lake lilikuwa asiwe na mke, akaipoteza. Wakarudi mpaka mji wa Morpeth, hawana kwa kwenda, fedha zikiwaishia.

Ni nini kilichowaokoa? Ngazi haikuwaokoa, wala nyumba ya wageni. Kwanza ilikuja barua ya msamaha kutoka kwa baba wa kijana; kisha baba wa binti naye, baada ya kukasirika kwake, akalegea. Mwezi Januari 1773 wakaozeshwa tena, safari hii mjini kwao Newcastle, kanisani, mchana, mbele ya watu. Ndoa yao ikadumu hadi Bessie alipofariki mwaka 1831, miaka 58. John Scott akaja kuwa Lord Eldon, akashika cheo cha Lord Chancellor, kilichokuwa juu ya vyeo vyote vya sheria Uingereza, kwa takriban miaka 25.

Sasa tazama Mwenyezi Mungu anavyomgeuzia mja kioo. Mwaka 1817 binti wa Lord Eldon mwenyewe, Elizabeth, alimpenda msanifu majengo aitwaye George Stanley Repton. Baba akakataa. Binti akaondoka nyumbani akaolewa kwa siri. Na yule aliyewahi kumngoja binti wa mwenzake chini ya dirisha usiku, akakasirika na kukata mawasiliano na mwanawe, asimsamehe hadi mwaka 1820. Sisi wazazi tuna tabia ya kusahau tulivyokuwa. Mwenye busara hujikumbusha kabla ya kusema hapana.

Mlango ule ule, mgeni mwingine

Hata hivyo, mlango usio na bawabu humwingiza mpenzi na humwingiza mwizi vilevile. Mwezi Machi 1826, mtu aitwaye Edward Gibbon Wakefield, mwenye umri wa karibu miaka 30, alituma barua ya uongo katika shule moja ya Liverpool kwamba mama wa mwanafunzi Ellen Turner ni mgonjwa na mtoto anatakiwa haraka. Ellen alikuwa na miaka 15, mtoto wa pekee wa tajiri wa viwanda. Njiani akadanganywa kuwa biashara ya baba yake inaanguka, na kwamba akikubali kuolewa na bwana huyu baba ataokoka. Mtoto akakubali kwa kumhurumia baba yake. Akaozeshwa Gretna Green, kisha akapelekwa hadi Calais, Ufaransa, ambako ami zake walimfuata wakamrejesha.

Mwaka 1827 Wakefield alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na ikahitajika sheria maalumu ya Bunge ili ndoa ile ibatilishwe. Tafakari, ndugu msomaji: masharti yote ya Scotland yalikuwa yametimia. Binti alisema ndiyo, na mashahidi walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja tu, anayemjua binti, anayempenda, asiye na maslahi, aliye na haki ya kuuliza: "Huyu ni nani, na haraka hii ni ya nini?" Mtu huyo ndiye ambaye sharia yetu inamwita walii.

Waingereza wenyewe waliliona hilo. Mwaka 1856 ilipitishwa sheria, iliyosimamiwa na Lord Brougham, kuwa ndoa hizo za Scotland hazitasihi ila mmoja wa wawili hao awe ameishi huko siku 21 kabla. Ajabu yake ni kuwa Lord Brougham mwenyewe alikuwa ameoa kwa njia ya mpakani, huko Coldstream, mwaka 1819. Kisha sheria ya mwaka 1939, iliyoanza kutumika mwaka 1940, ikaziondoa kabisa ndoa za kutamkiana mbele ya mhunzi.

Na leo? Gretna Green bado hufungwa maelfu ya ndoa kila mwaka, fuawe lipo, na picha hupigwa. Lakini wanaotaka kuoana hapo hutakiwa kupeleka taarifa kwa msajili si chini ya siku 29 kabla. Huko Marekani nako, zile nyumba za wageni za mashambani zinazotangaza harusi za watu wawili haziwezi kumwozesha mtu asiye na kibali cha serikali. Basi kijana wetu alikuwa amedanganywa na picha. Wenzetu wamebakisha vazi la kutoroka, lakini siri yenyewe wameshaifuta. Nyuma ya yale maua ya waridi kuna karani, fomu na daftari. Hata hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka taarifa itolewe siku 21 kabla ya ndoa. Watu wa dini mbalimbali na wa zama mbalimbali wamefika penye neno moja: ndoa haifichwi.

Walii si mwenye mali

Turudi nyumbani. Imepokewa kutoka kwa Abu Musa (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba hakuna nikaha bila ya walii, na juu ya hilo wamesimama jamhuri ya wanazuoni, akiwemo Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu. Imamu Abu Hanifa amempa mwanamke baleghe mwenye akili nafasi ya kujiozesha, lakini naye amemwachia walii haki ya kupinga ikiwa mume si kufu yake. Imepokewa pia kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alipoletewa habari ya ndoa ambayo mashahidi wake walikuwa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja tu, aliikataa na kuiita ndoa ya siri.

Hayo baba zetu wanayajua, na huyasoma kwa sauti kubwa. Lakini ipo nusu ya pili ya somo, na hiyo husomwa kwa kunong'ona.

Maqil bin Yasar (R.A.) alimwoza dada yake, mume akamwacha mpaka eda ikaisha, kisha akarudi kumposa upya, na dada mwenyewe akimtaka. Maqil akaapa hatamrudisha. Ndipo ikateremka aya ya 232 ya Suratul Baqara, inayowakataza mawalii kuwazuia wanawake kuolewa pindi wakiridhiana kwa wema. Maqil akasikia, akatii, akamwoza. Na Khansa bint Khidham (R.A.), aliyeozeshwa na baba yake bila ya ridhaa yake, alikwenda kwa Mtume (S.A.W.), na Mtume akaivunja ndoa ile. Basi walii hamiliki binti. Amepewa amana ya kumlinda, na amana ina mipaka.

Walii akimzuia binti asiolewe na mtu aliye kufu yake ambaye binti mwenyewe amemridhia, kuzuia huko huitwa adhli, na ni dhulma. Wanazuoni wetu wamesema hata anayekataa kwa sababu ya udogo wa mahari ambayo binti ameiridhia amezuia pasi na haki, maana mahari ni ya binti, si ya baba. Ikithibiti hivyo, kazi ya uwalii hupita kwa kadhi, au kwa anayeshika nafasi yake. Katika Hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) imekuja kuwa mawalii wakigombana, mtawala ndiye walii wa asiye na walii. Hii ndiyo njia ya asiyetaka kutoroka wala kudhulumiwa: aende kwa kadhi mchana, ashitaki, baba aitwe na kusikilizwa.

Hila ya masafa

Wapo waliosikia juu juu kuwa, katika madhehebu ya Shafi, walii akiwa mbali kwa masafa ya marhala mbili, yaani kilomita themanini na ushei, kadhi humwozesha binti kwa niaba yake. Basi hupanda basi asubuhi, adhuhuri wako mji mwingine, na alasiri wanatafuta mwenye kanzu wa kuwaozesha. Jambo hili halipo kwetu tu. Huko Malaysia wapo Waislamu wanaovuka mpaka kwenda kuoana kusini mwa Thailand, kisha wakirudi hutakiwa kuipeleka ndoa yao mahakama ya sharia ithibitishwe na kusajiliwa. Na wapo walioangukia mikononi mwa matapeli wenye vyeti bandia.

Twasema: hukumu ya masafa iliwekwa kwa ajili ya binti ambaye walii wake hafikiki, asije akakaa miaka akingoja msafara. Haikuwekwa kwa ajili ya anayemkimbia walii aliye nyumbani, tena mwenye simu mfukoni. Zaidi ya hayo, uwalii hapo huhamia kwa kadhi. Hauhamii kwa kila aliyevaa kilemba na kupokea bahasha.

Kosa letu wenyewe

Ndugu msomaji, tusingeandika haya kwa uchungu kama yasingetugusa. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tumerudi masomoni na elimu ikiwa bado mbichi kichwani, walitujia vijana wawili wa mfano wa hawa. Tuliwasomea hukumu, tukamkaripia binti, tukamwambia arudi kwao, tukafunga mlango. Tulilala usiku ule tukijiona tumeilinda sharia.

Hawakurudi kwao. Walikwenda mji mwingine, wakamkuta mtu aliyewaozesha kwa ujira, na mashahidi wakawa wapita njia wawili. Baada ya miaka mitatu binti alikuja kwetu amebeba mtoto. Mume alikuwa amemkana. Cheti hakuna, mashahidi hawajulikani hata kwa majina, na baba yake alikuwa ameshafariki akiwa na hasira naye. Hakulia. Alituuliza jambo moja tu: "Sheikh, siku ile mlijua kuwa ipo njia ya kadhi. Kwa nini hamkuniambia?"

Hatukuwa na jawabu, na mpaka leo hatuna. Wahenga wamesema majuto ni mjukuu, na mjukuu wetu ni swali lile. Tulimsomea nusu ya somo tukamnyima nusu ya pili, na mwenye kumnyima mtu njia ya halali asishangae akimwona katika isiyo halali.

Kwa sababu hiyo, usiku ule wa Alhamisi hatukuwaozesha vijana wale, lakini mlango pia hatukuufunga. Mama wa nyumbani kwetu alimsindikiza binti mpaka kwao. Kijana tukamweleza habari ya kadhi neno kwa neno, tukamwomba atupe muda tukazungumze na mzee kwanza. Ijumaa baada ya sala tukaenda. Mzee alitukaribisha kahawa, alipojua tumefuata nini akatuambia kwa adabu tuimalize twende zetu. Kijana anaendesha bajaji, alisema, na mahari aliyotaja ni ya kumfanya mtu achekwe mtaani. Tukaenda mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne hatukumsomea aya, kwani aya alikuwa anazijua. Tulimsimulia habari ya jaji na ngazi, na ya binti wa jaji.

Alicheka aliposikia mwanzo. Aliposikia mwisho hakucheka. Akauliza: "Alikaa muda gani bila kumwona mwanawe?"

"Miaka mitatu, mzee wangu."

Akanyamaza kitambo, akazungusha kikombe mkononi, kisha akasema: "Mingi hiyo."

Tunapoandika haya, wazee wa kijana wameitwa waje rasmi. Mahari bado inazungumzwa, na hatujui itafika wapi. Lakini inazungumzwa sebuleni, taa zikiwaka, na binti yuko chumba cha pili akisikia.

Nasaha zetu ni fupi. Enyi wazazi, mkatae kwa sababu ambayo mnaweza kuisema mbele ya kadhi bila kuona haya. Enyi vijana, ndoa ambayo huwezi kumtajia mama yako leo, kesho itakuwa tabu kuithibitisha mbele ya hakimu. Na enyi masheikh wenzetu, anayebisha hodi usiku msimwozeshe kwa siri, wala msimfukuze. Mwonyesheni mlango ulipo, na ikibidi mwende naye.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu mapenzi na huruma, na atusamehe tuliyoyafunga kwa ujinga. Wabillahi tawfiq.